Jinsi ya Kutafuta Makala za Utafiti kwenye Kanzidata za Maktaba ya Chuo

Msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti ukifika, maswali wanayoletewa wakutubi huwa ni yale yale. Mbona makala inanidai dola? Mbona mada yangu haina makala hata moja? Mbona zimekuja elfu arobaini, nianzie wapi? Mwongozo huu unajibu hayo matatu pamoja na yanayoyafuata. Ni wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili katika chuo cha Tanzania au Kenya, aliyezoea Google, na sasa msimamizi wake amemwambia aondoe viungo vya tovuti za habari alete makala za majarida.

Tutakwenda na mada moja toka mwanzo hadi mwisho: hasara ya mahindi ghalani inayoletwa na mdudu aitwaye dumuzi kwa wakulima wadogo wa Tanzania. Wewe weka yako, hatua ni hizo hizo.

Kuna jambo moja la kulishika kwanza. Google hubahatisha ulichokusudia hata ukikosea. Kanzidata nyingi za maktaba hazikubahatishii. Zinalinganisha maneno uliyoandika na maneno yaliyomo kwenye kichwa, ikisiri na maneno muhimu ya makala. Neno lisipokuwemo, makala haiji, hata kama ndiyo hasa unayoitafuta. Ndiyo maana nusu ya kazi inafanyika kwenye karatasi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Barua pepe ya chuo na nywila yake. Ijaribu leo. Wengi hugundua akaunti imefungwa Jumamosi usiku, kazi inatakiwa Jumatatu, na ofisi ya TEHAMA imefungwa.
- Njia ya kuingia ukiwa nje ya chuo. Vyuo vingine hutumia EZproxy, vingine RemoteXs, MyLOFT au OpenAthens. Huna haja ya kujua zinavyofanya kazi; muulize mkutubi: "Nikiwa nyumbani, naingilia wapi?" Andika anwani atakayokupa.
- Nywila ya Research4Life, kama chuo chako kimesajiliwa. Mlango huu mmoja unafungua mikusanyo mitano: Hinari ya afya, AGORA ya kilimo na chakula, OARE ya mazingira, ARDI ya sayansi na teknolojia, na GOALI ya sheria na masuala ya jamii. Nywila hupewa taasisi, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo usihangaike kujisajili mwenyewe. Iko kwa mkutubi.
- Kompyuta yenye Chrome au Firefox. Simu inatosha kusoma ikisiri, lakini kwa kutafuta kwa makini na kupanga marejeleo itakuchosha.
- Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeleo, pamoja na kiunganishi chake cha kwenye kivinjari. Akaunti ya bure ina MB 300 za kuhifadhi mtandaoni. Zikijaa, faili zitaendelea kukaa kwenye kompyuta yako.
- Karatasi na kalamu.
- Mada yako katika sentensi moja. Ukishindwa kuiandika kwa sentensi moja, rudi kwa msimamizi kwanza. Kanzidata haitakusaidia kuamua unatafiti nini.

Hatua ya 1: Ivunje mada vipande

Piga mstari chini ya maneno yanayobeba mada. Kwa mfano wetu ni manne: dumuzi, mahindi, hasara ghalani, Tanzania. Maneno kama "athari za", "tathmini ya", "mchango wa" na "uchunguzi kuhusu" yaache. Yanapendeza kwenye jalada la tasnifu, ila kwenye kisanduku cha kutafutia yanafukuza makala nzuri ambazo mwandishi wake hakuyatumia.

Kosa linaloongoza ni kunakili kichwa kizima cha tasnifu na kukibandika kwenye kisanduku. Maneno kumi na tano yakidaiwa yote yawemo, utapata sifuri, halafu utaambia watu kuwa mada yako haijawahi kutafitiwa.

Hatua ya 2: Tafuta majina yote ya kitu kimoja

Usiipite hatua hii haraka. Chora safu wima moja kwa kila kipande, na chini yake andika kila jina ambalo mwandishi mwingine angeweza kulitumia.

Chukua dumuzi. Mkulima wa Tabora anamwita dumuzi au Scania. Wataalamu wa wadudu wanaoandika kwa Kiingereza humwita "larger grain borer", na mara nyingi hufupisha kuwa LGB. Jina lake la kisayansi ni Prostephanus truncatus. Ukiandika "dumuzi" peke yake utapata makala chache mno. Ukiandika "maize insects" utapata wadudu wote wa mahindi wa dunia nzima, wakiwemo wa shambani ambao hawakuhusu. Ukiandika jina la kisayansi, unapata makala za mdudu huyo huyo kutoka Tanzania, Benin hadi Mexico, hata zile ambazo mwandishi hakutaja jina la kawaida. Kwa mdudu, mmea, ugonjwa au dawa yoyote, jina la kisayansi ndilo ufunguo wa kwanza.

Mahindi nayo ni "maize" kwa Waingereza na "corn" kwa Wamarekani. Hasara ghalani ni "storage losses", "postharvest losses", au "post-harvest losses" yenye kistari. Kistari hicho kimewakosesha watu makala nyingi. Andika namna zote mbili.

Majina ya mahali pia hubadilika. Anayetafiti historia asisahau kuwa machapisho ya kabla ya 1964 yanaandika Tanganyika na Zanzibar, na yale ya kati ya 1971 na 1997 kuhusu Kongo yanaandika Zaire.

Ikiwa unatafuta makala zilizoandikwa kwa Kiswahili, kuna mtego mwingine. Kinyota tutakachokiona kwenye hatua ya 5 hukata mwisho wa neno, ilhali nomino zetu nyingi hubadilika mwanzoni. "Kulima*" haitakuletea "mkulima" wala "wakulima". Hapo hakuna njia ya mkato: andika umoja na wingi, vyote viwili.

Hatua ya 3: Chagua kanzidata mbili au tatu, si kumi

Kilimo na mazingira: AGORA na OARE kupitia Research4Life, na ScienceDirect kama chuo kinailipia. Kwa mada yetu, jarida la kulifuatilia kwa karibu ni Journal of Stored Products Research.

Afya: PubMed, ambayo ni ya bure kwa kila mtu, halafu Hinari kwa makala nzima.

Historia, fasihi, isimu, sayansi ya siasa: JSTOR. Kama chuo hakina usajili, fungua akaunti binafsi ya bure. Inakuruhusu kusoma hadi makala 100 kwenye skrini kila baada ya siku 30, bila kuzipakua.

Elimu, biashara, mada mchanganyiko: EBSCOhost au Emerald, kutegemea chuo chako kimelipia nini.

Mada yoyote ya Afrika: AJOL, yaani African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo sasa makao yake yako Afrika Kusini. Majarida mengi ya vyuo vyetu yamo humo na hayamo kwenye kanzidata kubwa za Ulaya. Ukiiruka AJOL, mapitio yako ya machapisho yatamnukuu mtu wa Iowa akieleza maghala ya Kibaigwa huku mtafiti wa Morogoro aliyeyaingia hajatajwa.

Kiswahili: Swahili Forum ya Chuo Kikuu cha Leipzig, isomwayo bure, pamoja na majarida ya Kiswahili na Mulika ya TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Google Scholar itumie kama mwanzo na kama kiraka, siyo kama kanzidata yako pekee. Inachanganya makala zilizohakikiwa na ripoti, slaidi na kazi za darasani.

Hatua ya 4: Ingia kupitia mlango wa maktaba

Ukiwa chuoni, kanzidata inakutambua kwa anwani ya IP ya mtandao wa chuo. Haikuulizi nywila, inakufungulia tu. Ukiwa nyumbani, lazima upite mlango wa maktaba ili uonekane kana kwamba uko chuoni.

1. Fungua tovuti ya maktaba ya chuo chako, kisha ukurasa wa rasilimali za kielektroniki.
2. Bofya jina la kanzidata hapo hapo. Usiandike anwani yake mwenyewe juu.
3. Weka barua pepe ya chuo na nywila.
4. Tazama anwani iliyoko juu ya kivinjari. Kwa vyuo vinavyotumia EZproxy, nukta za anwani ya kawaida hugeuka vistari na nyuma yake panaongezwa jina la chuo. Usipoona badiliko hilo, hujaingia. Mifumo mingine huonyesha jina la chuo kwenye kona ya juu ya ukurasa.

Makosa ya hatua hii ni mengi kuliko ya hatua nyingine yoyote:

- Uko chuoni lakini simu inatumia bando, si Wi-Fi ya chuo. Kanzidata inaona anwani ya kampuni ya simu, inakufungia mlango.
- VPN imewashwa. Anwani inayoonekana ni ya nchi nyingine. Izime.
- Unatumia Opera Mini. Ikibana data, kurasa hupitia kwanza seva zake, na anwani ya chuo haionekani.
- Umeingia vizuri, kisha ukafungua kichupo kipya, ukatafuta makala Google, ukatua kwenye tovuti ya mchapishaji kwa mlango wa mbele. Hapo wewe ni mgeni kama wageni wengine. Rudi kwenye kichupo cha maktaba utafute kichwa hicho humo.
- Umefungua kiungo ndani ya WhatsApp. Kivinjari chake cha ndani hakijui kuwa umeingia kwingine. Nakili kiungo ukibandike kwenye Chrome.

Hatua ya 5: Andika utafutaji wako

Bofya "Advanced Search". Utaona visanduku kadhaa, kimoja chini ya kingine. Kila safu ya karatasi yako inakwenda kwenye kisanduku chake, hivi:

Kisanduku cha 1: "larger grain borer" OR "Prostephanus truncatus" OR dumuzi
Kisanduku cha 2: maize OR corn
Kisanduku cha 3: storage OR postharvest OR "post-harvest" OR loss*
Kisanduku cha 4: Tanzania OR "East Africa"

Kati ya visanduku weka AND. Ndani ya kisanduku kimoja, visawe viunge kwa OR. Ukikumbuka hilo tu umeshamaliza sehemu ngumu: OR inaongeza matokeo, AND inapunguza. Viandike kwa herufi kubwa, maana PubMed na Google Scholar hazitambui "or" ya herufi ndogo kuwa ni amri.

Alama za kufungua na kufunga semi hushikanisha maneno yakae kama yalivyo. Bila hizo, "larger grain borer" itakuletea makala yoyote yenye "larger", "grain" na "borer" popote pale. Ziandike wewe mwenyewe kwa kibodi. Zile zilizopinda zinazonakiliwa kutoka Word au WhatsApp, baadhi ya kanzidata hazizielewi.

Kinyota huleta miisho yote ya neno: loss* italeta loss na losses. Usikate mapema mno. Stor* italeta storage, na pia story na storm. Vilevile si kila mahali kinyota kinafanya kazi. ScienceDirect haikitumii, badala yake huleta wingi yenyewe, tena haikubali viunganishi (AND, OR, NOT) zaidi ya 8 katika kisanduku kimoja. Google Scholar pia haikitambui.

NOT itumie kwa tahadhari. Ukiandika NOT Kenya ili ubaki na Tanzania, umeifukuza kila makala inayolinganisha nchi hizo mbili, na huenda ndiyo bora kuliko zote.

Kwa watu wa afya: ukiandika maneno bila alama za semi, PubMed huyaunganisha yenyewe na msamiati wake maalumu uitwao MeSH. Ukiyafunga kwa alama, unauzima msaada huo. Jaribu kwanza bila alama, kisha na alama, ulinganishe idadi.

Hatua ya 6: Chuja, lakini kwa mpangilio

Tazama idadi ya matokeo kwanza. Kati ya 30 na 200 ni kiasi kinachosomeka. Yakiwa zaidi, chuja namna hii:

1. Badilisha sehemu ya kutafutia kutoka maandishi yote kwenda kichwa au ikisiri kwa kipande kikuu, hapa dumuzi. Hii peke yake huondoa uchafu mwingi. JSTOR ni tofauti: sehemu kubwa ya makala zake hazina ikisiri, kwa hiyo humo zuia kwa kichwa tu.
2. Weka tiki kwenye "Peer Reviewed", yaani zilizohakikiwa na wataalamu wengine. Ujue kuwa kichujio hiki hupima jarida, si makala, hivyo mapitio ya vitabu na tahariri bado vitapenya. Viruke.
3. Weka miaka mwisho kabisa, na fanya mizunguko miwili. Msimamizi akisema "miaka kumi ya karibuni", anataka uonyeshe hali ya sasa, hajakukataza chanzo. Taarifa za kwanza za dumuzi barani Afrika zilitoka Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukiweka kichujio cha miaka kumi toka mwanzo, hutaziona kamwe, na utaishia kumnukuu mtu aliyemnukuu mtu.

Kichujio cha "Full Text" kiache wazi kwa sasa. Ukikiwasha, kinaficha makala ambazo kanzidata hiyo haina lakini maktaba yako inazo kwingine, au zipo bure kabisa.

Hatua ya 7: Soma ikisiri kabla ya kupakua

PDF ya makala ya kawaida ni MB moja hadi tatu, yenye picha hufika zaidi. Pakua hamsini kwa pupa uone bando linavyoyeyuka, halafu utasoma sita. Soma kichwa na ikisiri mtandaoni, weka alama kwa zinazofaa, kisha zipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo.

Kwenye ikisiri jiulize: utafiti ulifanyika wapi, ulipima nini, kwa njia gani. Usipopata majibu hayo kwa dakika mbili, iweke kando.

Onyo: usipakue toleo zima la jarida kwa mkupuo, wala usitumie programu ya kupakua yenyewe. Wachapishaji hufuatilia hilo na huifunga anwani ya chuo kizima. Wenzako wote watakosa huduma kwa sababu yako, na kumbukumbu za mfumo zinaonyesha ni akaunti gani iliyofanya hivyo.

Hatua ya 8: Fuata nyayo mbele na nyuma

Ukipata makala moja nzuri hasa, usirudi kutafuta upya. Nenda nyuma: soma orodha ya marejeleo yake. Nenda mbele: iandike Google Scholar ubofye "Cited by", uone nani ameitumia baadaye. Ndani ya orodha hiyo kuna kisanduku cha kutafuta ndani ya waliomnukuu tu. Kiwekee tiki, kisha andika Tanzania. Makala mbili tatu za namna hii hukupa mapitio ya machapisho yaliyoshikana kuliko saa nzima ya kubadilisha maneno.

Hazina za vyuo pia zipitie: Dar es Salaam, Sokoine, Muhimbili, Nairobi, Kenyatta na vingine vina tasnifu za wanafunzi waliotangulia, zisomwazo bure. Faida yake kubwa ni orodha za marejeleo. Ila usinukuu chanzo kwa kukitoa kwenye tasnifu ya mtu bila kukifungua. Makosa yake yatakuwa yako, na msimamizi aliyeisimamia tasnifu ile anaweza kuwa ndiye wako.

Hatua ya 9: Pata makala nzima bila kulipa

Ukurasa ukikuomba dola 30 au zaidi, usitoe kadi. Pitia ngazi hizi kwa mfuatano:

1. Kitufe cha maktaba, mara nyingi "Find Full Text" au jina la chuo.
2. Kichwa cha makala ndani ya alama za semi kwenye Google Scholar, kisha "All versions". Nakala ya bure mara nyingi iko kwenye toleo la tatu au la nne.
3. Kiongezi cha kivinjari kiitwacho Unpaywall. Kinaonyesha kufuli la kijani pale ambapo nakala halali ya bure ipo.
4. DOAJ, yaani orodha ya majarida yasomwayo bure, na AJOL, kwa kichwa cha makala.
5. Barua pepe kwa mwandishi. Anwani iko kwenye ukurasa wa ikisiri. Mistari mitatu inatosha: wewe ni nani, unaomba makala gani, kwa kazi gani. Wengi hutuma kwa furaha.
6. Mkutubi, ambaye anaweza kuiomba kutoka maktaba nyingine.

Hatua ya 10: Hifadhi rejea siku hiyo hiyo

Ukiwa kwenye ukurasa wa makala, bofya alama ya Zotero kwenye kivinjari. Kisha kagua kilichoingia, maana taarifa zinazoletwa na kanzidata zina kasoro:

- Majina ya Kiafrika hugeuzwa. Hakikisha jina la mwisho liko mahali pake, ukilinganisha na ukurasa wa kwanza wa PDF.
- Kichwa kilichoingia chote kwa herufi kubwa kibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Transform Text", halafu "Sentence case". Baada ya hapo hakikisha Tanzania haijawa tanzania.
- Jina la kisayansi linatakiwa liwe la mlazo. Kwenye kichwa andika <i>Prostephanus truncatus</i> na Zotero italilaza yenyewe.
- DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala, iwepo. Huanza na 10. daima. Ibandike baada ya https://doi.org/ uone kama inafungua makala ile ile.

Kipimo hicho cha DOI kitumie pia kwa rejea yoyote uliyopewa na programu ya akili mnemba. Programu hizo hutunga marejeleo yenye jarida la kweli, mwaka wa kweli na kichwa ambacho hakijawahi kuandikwa na mtu. DOI isipofunguka, na kichwa kisipoonekana Google Scholar, futa.

Hatua ya 11: Weka kumbukumbu ya utafutaji

Jedwali lenye safu sita: tarehe, kanzidata, maneno uliyoandika kama yalivyo, vichujio, idadi ya matokeo, ulizobakiza. Mstari mmoja kwa kila utafutaji. Msimamizi akikuuliza ulizipataje makala zako, jibu liko hapo, na sehemu ya mbinu za mapitio inajiandika.

Mambo yakikwama

Matokeo ni sifuri. Kwanza tahajia. Pili, futa kisanduku cha mwisho, kisha cha kabla yake, uone ni kipi kinachoua utafutaji. Mara nyingi ni mahali: umeandika jina la wilaya. Panda hadi mkoa, nchi, kisha ukanda.

Matokeo ni maelfu. Umesahau alama za semi, umekata neno mapema kwa kinyota, au unatafuta ndani ya maandishi yote. Rudi hatua ya 6.

PDF haifunguki na ina KB chache tu. Hujapakua makala, umepakua ukurasa wa kuingilia uliopewa jina la PDF. Muda wako umekwisha. Ingia upya kupitia maktaba.

"Session expired" kila mara. Kivinjari kimezuia kuki, au umefungua kiungo ulichokihifadhi wiki iliyopita. Hifadhi DOI, siyo anwani ndefu ya juu.

Nywila ya Research4Life inakataa. Huenda imebadilishwa. Usiombe kwa rafiki wa chuo kingine. Kila taasisi ina yake na kugawana hakuruhusiwi. Nenda kwa mkutubi.

Google Scholar inataka uthibitishe wewe si roboti. Wanafunzi wengi wanatumia anwani moja ya chuo kwa wakati mmoja. Jibu picha zile, au fungua ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google.

Jarida linakutia shaka. Liangalie kwenye DOAJ. Likiwa AJOL, tazama nyota zake za JPPS, ambazo hupima taratibu za uchapishaji za jarida. Jarida linaloahidi kuhakiki na kuchapisha ndani ya siku tatu usilinukuu, na kazi yako usilipelekee.

Yote yakishindikana, mwandikie mkutubi, lakini usimwandikie "haifunguki" tu. Mpe vitu vinne: kichwa kamili cha makala au DOI, jina la kanzidata, ulikuwa chuoni au nje, na picha ya skrini inayoonyesha anwani ya juu pamoja na ujumbe wa kosa. Picha iliyokatwa juu haimsaidii, kwa sababu kwenye anwani ile ndipo anapoona uliingilia mlango gani.